Stopwochi, tikataima, geti la mwanga au video ya simu: ipi inafaa kufundishia kasi na mwendo?

Mdadisi_wa_Mwendo
Wakuu habari zenu. Nasimamia klabu ya sayansi shuleni, wanafunzi kama 30 hivi, na muhula ujao tunaingia mada ya mwendo. Nataka nichague njia moja ya kupimia tuikomalie. Zipo nne mezani: stopwochi za kawaida, tikataima (ile inayogonga vidoti kwenye utepe wa karatasi unaovutwa na kitu kinachotembea), geti la mwanga la elektroniki (linapima muda ambao kitu kinakata mwanga wake), na video ya simu. Mara ya mwisho tulitumia stopwochi, tukawa tunadondosha mpira kutoka mita 1 halafu tunakokotoa graviti, kundi moja likapata 6 jingine 15 badala ya 9.8, mtoto mmoja akaniuliza mwalimu sasa tuandike lipi? Sikuwa na jibu la kumpa na mpaka leo linanisumbua. Naombeni uzoefu wenu.

fundi_maabara
Ndugu yangu, usiilaumu stopwochi, shida ni umbali mliochagua. Kitu kikiangushwa kutoka mita 1 kinafika chini kwa sekunde 0.45 tu, ukikosea sekunde 0.1 kubonyeza basi hesabu imeharibika kabisa kwa sababu kwenye fomula ya graviti (umbali mara 2, gawanya kwa muda mraba) muda unapigwa mraba. Ufanye mwendo uwe wa taratibu. Chukua ubao wa mita 2, inua upande mmoja sm 7 tu, achia gololi ibingirike, itatumia kama sekunde 4 na hapo kosa la 0.1 sio kitu cha kutisha. Galileo alifanya hivyohivyo, na yeye hakuwa hata na saa ya kuaminika, alikuwa anaacha maji yachuruzike kwenye chombo kisha anayapima uzito ili kujua muda uliopita, na akaona kwamba umbali unakua kwa mraba wa muda. Matokeo aliyachapisha 1638.

Bi_Grafu
Naunga mkono ubao ila naongezea kitu ambacho wengi tunawafundisha vibaya. Tunawaambia watoto "mkono unachelewa sekunde 0.2" basi wanadhani kila kipimo kimezidi kwa 0.2. Hapana, unachelewa kuanzisha na unachelewa kusimamisha, sehemu kubwa inafutana, kinachobaki ni yale mabadiliko ya mara hii hivi mara hii vile. Ndio maana kurudia mara 5 na kuchukua wastani kunasaidia kweli. Waache wajipime wenyewe kwa rula: mmoja anaiachia bila kumwambia mwenzake, mwenzake anaidaka, ikishuka sm 20 maana yake amechelewa sekunde 0.2. Wakishajijua hivyo hata jinsi wanavyobonyeza stopwochi inabadilika.

Halafu mwalimu, kwenye ubao wa gololi usiwaambie mchapuko (kiasi ambacho kasi inaongezeka kila sekunde) ni graviti mara sini ya pembe, yaani kimo ulichoinua gawanya kwa urefu wa ubao. Gololi inabingirika, sehemu ya nishati inaenda kwenye kuzunguka, inabaki 5/7 ya hiyo hesabu. Nimeona watu wanasingizia msuguano miaka na miaka kumbe ndio hiyo.

toroli_na_utepe
Mi bado ni mtu wa tikataima na sijifichi. Umeme wa hezi 50 unagonga vidoti 50 kwa sekunde, kwa hiyo kutoka kidoti hadi kidoti ni sekunde 0.02, hakuna mkono wa mtu hapo. Lakini uzuri wenyewe sio huo. Uzuri ni kwamba mwanafunzi anaushika mwendo mkononi. Unakata utepe kila baada ya nafasi 5, kila kipande ni sekunde 0.1, unavibandika vimesimama kimoja pembeni ya kingine na hapo hapo grafu ya kasi na muda imetokea bila mtu kuchora chochote! Nimeshuhudia mtoto aliyekuwa haelewi grafu anatazama vile vipande vinavyopanda kama ngazi, anasema "ahaa kumbe kila mara inaongezeka kiasi kile kile", na hiyo sentensi ndiyo maana ya mchapuko usiobadilika, mimi nilikuwa sijamwambia.

Ubaya wake: utepe unasugua, unavuta toroli nyuma. Inua ubao kidogo kidogo mpaka ukiisukuma toroli vidoti vinakuwa na nafasi sawa mwanzo mpaka mwisho, ndio uanze kazi. Na vile vidoti vya mwanzoni vilivyobanana achana navyo, anza kuhesabu pale unapoviona vizuri.

simu_mkononi
Tikataima nzuri lakini kwenye shule nyingi zimekufa kabatini, simu ipo. Video ya kawaida ni picha 30 kwa sekunde, kila picha 0.033. Slo-moshen ya picha 240 ni kama 0.004, mpira wako wa mita 1 unapata picha zaidi ya 100 kabla haujagusa chini. Ipo programu ya bure inaitwa Tracker ya kompyuta, unabofya mpira picha kwa picha inakuchorea grafu.

Ila mtu asidhani ni kurekodi tu. Weka rula ndani ya picha, umbali ule ule unapopita mpira, sio ukutani nyuma yake, maana ya ukutani itaonekana fupi na vipimo vyote vitadanganya. Simu ikae kwenye stendi, irudi nyuma mita 2 au 3, itazame mpira ubavuni. Mwanga uwe mwingi la sivyo mpira unakuwa mstari wa ukungu. Na kubwa kuliko zote, slo-moshen ukiicheza muda unaoonyeshwa sio muda halisi, hesabu picha ugawanye kwa 240.

fundi_maabara
@simu_mkononi hapo kwenye rula umesema kweli, sisi tulipoteza kipindi kizima.

Geti la mwanga naona hakuna aliyeligusa. Kadi ya sm 10 juu ya toroli ikikata mwanga kwa sekunde 0.05 basi kasi ni mita 2 kwa sekunde, umemaliza. Kwa usahihi linazishinda zote. Lakini kifundishaji naliweka mwisho, namba inatoka kwenye kioo mtoto anaandika, ukimuuliza imetoka wapi anasema mashine. Pia kumbuka ile ni kasi ya wastani wakati kadi inapita, sio ya nukta moja, kadi ikiwa ndefu unakosa zaidi.

Bi_Grafu
Hilo la kasi ya nukta moja ni zuri lakini kuna jingine limesahaulika: mwelekeo. Kasi na velositi sio kitu kimoja, velositi ni kasi pamoja na mwelekeo wake. Tikataima haiwezi mwendo unaorudi, utepe utajikunja, na stopwochi haijui kitu kinaenda wapi. Rusha mpira juu urekodi video, grafu ya velositi inashuka, inakata sifuri pale juu kabisa, inaendelea kwenye hasi, na ni mstari ule ule mmoja ulionyooka. Hapo ndipo unamuuliza mtoto: kileleni mpira umesimama, mchapuko je? Wengi watasema sifuri. Waonyeshe mteremko wa grafu haujabadilika hata kidogo, bado 9.8 kuelekea chini. Mimi kwa swali hilo moja tu nachagua video.

toroli_na_utepe
Dada hapo umenibana. Kwa mwendo unaorudi nakubali.

Mdadisi_wa_Mwendo
Wakuu nimerudi, asanteni sana. Sikungoja muhula, jana nilijaribu na wanafunzi 6. Ubao mita 2, sm 7, gololi, stopwochi tatu. Nusu mita ya kwanza wastani wa mara 5 ulikuja sekunde 2.0, mita 2 zote sekunde 4.1. Umbali mara nne, muda karibu mara mbili! Nikamwita yule aliyeniuliza tuandike lipi, akazitazama zile namba akaanza kuhesabu mwenyewe mita 1 itachukua ngapi, akasema 2.8, tukaachia gololi ikaja 2.9. Akaomba turudie.

Kwa hiyo wiki ya kwanza ubao na stopwochi, kisha video ya mpira wa kurusha juu. Tikataima kuna moja stoo haijawashwa siku nyingi, @toroli_na_utepe nikiiwasha inalia lakini vidoti havitoki, nianzie wapi?

toroli_na_utepe
Angalia ile karatasi ya kaboni ya duara kwanza, mara nyingi imeisha wino au imewekwa kichwa chini. Igeuze, uwe unaizungusha kidogo kila utepe mpya.