Mlo wa kundi la damu: baba B, mama A, watoto O na AB. Tupikeje sufuria moja?

Jiko la Zamu
Wakuu, habari za jioni. Baba ni B, mama A, mtoto mkubwa (miaka 9) O, mdogo (miaka 4) AB. Baba ana kisukari aina ya pili, anatumia glibenclamide (vidonge vya kushusha sukari), na jamaa wamemshauri afuate mlo wa kundi la damu, yaani kila mtu ale kwa orodha ya kundi lake. Orodha tunayo, ila ukiifuata kama ilivyo kila mtu anataka sufuria yake, na mkaa wenyewe mnaujua bei yake. Kuna chakula ambacho wote wanne wanaruhusiwa? Sembe imekatazwa kwa wote isipokuwa A, sasa ugali tuusonge na nini? Halafu maharage mekundu: O, A na AB wanaambiwa wasiyaguse kwa sababu ya lektini (protini za kwenye mbegu zinazodaiwa kugandisha damu), B anaambiwa ayale. Hizo lektini haziondoki kwa kupikwa?

Mwiko Mrefu
Sufuria moja inawezekana. Ukizilaza zile orodha nne pamoja, hivi havigombani na mtu: wali, ulezi, sukuma wiki, karoti, vitunguu, vitunguu saumu, tangawizi, limau, dagaa jamii ya sardini na mafuta ya zeituni. Vinavyogomba ni nyanya (A na B hawaruhusiwi), kuku (B na AB), ng'ombe (A na AB), karanga (B na O) na viazi vitamu (A). Nazi ndiyo kali kuliko zote, imekatazwa kwa makundi yote manne. Aliyeandika orodha hakuwahi kula Tanga.

Mboga ya watu wanne bila nyanya wala nazi:

Dagaa wakavu gramu 150. Toa vichwa na matumbo, maana uchungu hukaa humo, wala usiusingizie uzee wa dagaa. Wakaange bila mafuta dakika 3 kwa moto mdogo, kisha waoshe kwa maji ya moto mara mbili au tatu hadi mchanga uishe. Ukiwaosha kabla ya kuwakaanga wanalainika na kuvunjika ovyo.

Weka mafuta vijiko vikubwa 3, vitunguu 2 vilivyokatwa vyembamba, kaanga dakika 6 hadi vianze kuwa kahawia. Ongeza saumu punje 4 na tangawizi kijiko kidogo, dakika 1 tu, ikizidi saumu inaungua. Tia karoti 2 zilizokunwa, chumvi kidogo na maji nusu kikombe, funika dakika 5. Karoti ndiyo inayokupa rangi na uzito uliouzoea kwenye nyanya. Tia dagaa, dakika 5 nyingine. Mwisho sukuma fungu 2 zilizokatwa, dakika 4 bila kufunika.

Limau lisubiri sufuria iepuliwe. Ukilikamua wakati sukuma iko motoni, asidi inaua rangi ya kijani na mboga inakuwa ya kijivu, watoto wanaisukuma pembeni.

Darubini
Mapishi mazuri, ila muulizaji ajue anachofuata ni nini. Mlo huu ulisambazwa mwaka 1996 na Peter D'Adamo, tabibu wa tiba asili wa Marekani. Dai lake ni kwamba O ndilo kundi la kale la wawindaji, A likaja na kilimo, B na wafugaji. Jenetiki inasema vingine: O imetokana na hitilafu ndogo kwenye jeni ya A, kwa hiyo haiwezi kuitangulia.

Kuhusu lektini, kuna mbegu chache ambazo lektini zake huchagua kundi, na maabara huzitumia kupima damu. Lakini ile ya maharage mekundu hugandisha chembe za makundi yote bila ubaguzi. Kumruhusu B na kumkataza O hakuna maana.

Mwaka 2014 watafiti wa Toronto walichapisha uchunguzi wa watu 1,455. Waliokula kwa mtindo wa "A", yaani mboga, matunda na nafaka kwa wingi, walikuwa na kiuno chembamba na shinikizo la damu la chini zaidi, wawe na kundi A au wasiwe nalo. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka mmoja kabla hayakupata ushahidi wowote wa kuunga mkono mlo huu.

Mtu anayepungua uzito kwa mlo huu hupungua kwa sababu ameacha maandazi, chapati na soda. Hilo ni jambo jema, na halihitaji kadi ya damu.

Mwiko Mrefu
Sikatai, mkuu. Ila orodha ikimfanya mzee aache maandazi ya saa nne na ale sukuma, mimi sina ugomvi nayo.

Darubini
Ugomvi wangu uko kwenye dawa yake. Glibenclamide husukuma kongosho litoe insulini hata kama mtu hajala wanga wa kutosha. Baba akiacha ugali ghafla na kubaki na mboga peke yake huku anameza dozi ileile, sukari inaweza kushuka mno: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa. Kabla ya kubadilisha chochote aende kliniki yake, dozi ipangwe upya. Katika siku za mwanzo apime sukari kabla ya kula na kabla ya kulala. Dalili zikimpata, ale sukari vijiko vidogo 3 kwenye maji au soda ya kawaida nusu glasi, apime tena baada ya dakika 15.

Chungu cha Mbeya
Nijibu la maharage. Ndiyo, lektini zinaisha jikoni, ila kwa mchemko wa kweli.

Loweka angalau saa 5, usiku kucha ni bora. Mwaga maji ya kulowekea, suuza, weka maji mapya, yachemke kwa nguvu dakika 30 kamili tangu mapovu yaanze. Baada ya hapo ndipo unapunguza moto hadi yaive.

Watu hukosea hapa: maharage yanabandikwa juu ya makaa yaliyokwisha nguvu ili "yajiive yenyewe" hadi asubuhi. Joto la nyuzi 75 au 80 linayalainisha lakini haliui lektini. Ukila hayo, kichefuchefu na kutapika huanza ndani ya saa 1 hadi 3, kisha kuhara. Punje nne au tano mbichi zinatosha kumlaza mtu, na kundi lake la damu halimsaidii.

Walio nyanda za juu wazingatie kwamba kwenye mita 1,700 hivi maji huchemka karibu nyuzi 94, kwa hiyo muda unarefuka. Sufuria ya presha inamaliza tatizo hilo, na mkaa unabaki. Magadi yanalainisha haraka, ila yanaharibu vitamini B1, na ukizidisha maharage yananuka sabuni. Kama ni lazima, robo kijiko kidogo kwa kilo moja.

Jiko la Zamu
Asanteni sana. Ugali wa ulezi tumejaribu, unatoka na mabuja na kushika sufuria. Na mtoto wa O, orodha inasema asinywe maziwa. Tumkataze?

Mwiko Mrefu
Mabuja yanatokana na kumimina unga mkavu kwenye maji yanayochemka. Ulezi hunywa maji haraka kwa nje na ndani unabaki mkavu. Koroga kwanza gramu 100 za unga kwenye maji baridi mililita 300. Chemsha maji mililita 700, mimina huo mkorogo huku unakoroga, acha uji utokote dakika 5. Kisha ongeza unga gramu 350 hadi 400 kidogo kidogo, kila safari ukisonga hadi upotee. Punguza moto, funika dakika 7, geuza, dakika 3 nyingine. Kushika chini kunapungua ukitumia sufuria nzito na moto wa chini baada ya uji. Usitarajie uvutike kama sembe. Wenyewe una rangi ya udongo na unakatika, ndivyo ulivyo.

Soma pakiti dukani. Unga mwingi unaoitwa "lishe" una mahindi, soya na karanga humohumo. Na kwa baba, ulezi nao ni wanga: tonge zima la ukubwa wa ngumi yake, mboga nusu ya sahani.

Darubini
Maziwa usimkataze. Mtoto wa miaka 9 anajenga mifupa, na kundi la damu si sababu ya kumnyima. Anayestahili kuacha ni yule ambaye tumbo linajaa gesi au kuhara kila anapokunywa, na hata huyo mara nyingi anavumilia mtindi, kwa kuwa bakteria wamekwisha kula sehemu ya laktosi, yaani sukari ya maziwa. Kama hanywi maziwa kwa sababu nyingine, ulezi una kalisi nyingi kuliko nafaka zetu nyingine, na dagaa anayeliwa na mifupa yake anaongeza.

Huyo wa miaka 4 muondoeni kabisa kwenye orodha. AB amekatazwa maembe, ndizi na machungwa, na kuku pia. Ukimnyima vyote hivyo, utakuwa unamtafutia upungufu ambao hakuwa nao.

Chungu cha Mbeya
Nyongeza moja: aliyeambiwa figo zake zina shida asifuate mtindo wa O wa nyama kila siku, hata kama kadi inasema O. Protini kiasi gani, ataambiwa kliniki kwa vipimo vyake.