Kina mama wa Amu: cherehani nyingine, au mtaji mkononi?

MwanaLangoni
Assalaam alaikum. Naleta suala hili hapa kwa sababu barazani limekuwa ugomvi. Kuna mradi hapa kwetu Amu, mji wa Lamu, unaandikisha kina mama wasiojiweza, wajane na walioachwa kwanza. Miezi mitatu ya kushona, upishi na kupamba maharusi, mwisho wake cheti, na cherehani moja kwa kila kikundi. Mimi siupingi. Nauliza tu, mbona kila msaada wa mwanamke ukifika kwetu huwa ni cherehani? Mtaani kwetu zile za mradi uliopita zimefunikwa shuka. Wote waliofunzwa walishona madera yaleyale kwa majirani walewale, na dera la mzigo unaoshushwa Mombasa linauzwa rahisi kuliko kitambaa unachokwenda kununua wewe. Pesa hizo kama wangepewa kina mama mtaji, au wakatafutiwa soko, si zingefaa zaidi? Semeni.

Nahodha_Faza
Waalaikum salaam. Mtaji ukimpa asiyejua hesabu unakwisha kabla mwezi haujaandama. Mafunzo kwanza. Lakini tuambiane kweli, tatizo si mradi. Kina mama wa mji wamezoea kukaa. Nendeni bara, vijiji vya Hindi na Mpeketoni, mkaone wanawake wanavyolima pamba na mahindi, alfajiri jembe begani. Wetu saa nne bado wamo ukumbini.

MamaSwaleh
Kabla hatujafika mbali: mtaji huo ni zawadi au ni mkopo? Maana kama ni mkopo yako mengi ya kusema.

BintiMkomani
Wewe Nahodha, kukaa? Unasema KUKAA?

Mamangu alitusomesha kwa kofia. Nakueleza inavyokwenda, kwa sababu unaivaa kila Ijumaa na hujui imepita mikono gani. Kitambaa cheupe, tabaka mbili, kimechorwa maua kwa penseli. Kila tundu linatobolewa kwa sindano na kuzungushiwa uzi mpaka ukingo wake usimame, kisha unahamia la pili, la tatu, kofia nzima, juu na ubavuni. Ukikosea hesabu ya tundu, ua halikutani kule nyuma linakofungia, na mnunuzi anayejua kofia hutazama hapo kwanza kabla ya kuuliza bei. Kazi hiyo alikuwa akiifanya mlangoni kwenye mwangaza, akishapika, sisi tuko chuoni. Usiku hashoni, taa inamchosha macho. Kofia moja nzuri inakula miezi. Aliyekuwa akipita njiani alimwona mwanamke amekaa. Ndiyo, alikaa. Na karo ikalipwa.

Abu_Zuhra
Allah amlipe mamako kheri. Nahodha, ungeanza na salamu ukamalizia hapohapo.

Nahodha_Faza
Kofia yangu niliinunua, sikupewa sadaka. Na sikusema wanawake hawafanyi kazi, nimesema wa MJI. Kwetu Faza na Kizingitini, kisiwani Pate, maji ya bamvua yakipwa, mwanamke yuko mwambani na fimbo yake, maji magotini, anachokoa pweza kwenye matundu. Huyo hangoji cheti cha mtu.

Mkulima_Hindi
Naona Hindi imetajwa kama fimbo ya kuwachapia wenzetu. Naomba mtuache. Mimi ni mwanamke, niko Hindi, nalima. Mahindi yakikaribia kukomaa nyani hawangoji mwaliko, na nyati wakipita usiku asubuhi unahesabu mashina. Kukitokea mashambulizi ya watu wenye silaha tunaacha mazao shambani tunakwenda kulala shuleni, tukirudi tunaanza upya. Na shamba lenyewe hati ina jina la shemeji yangu, kwa hivyo mkopo wa benki siuoni hata kwa darubini. Mkisema wanawake wa Hindi wanajiweza, anayekuja na mradi anasikia hivyohivyo na kutupita. Hapa hakuna aliyekuja na cherehani wala mtaji.

Mfanyabiashara_Kofia
BintiMkomani, kazi ya mamako haina mshindani, nimezishika kofia za namna ile. Lakini sema na upande wa pili. Leo kofia ya mashine kutoka nje inauzwa mia mbili, mia tatu, na ukiitazama kutoka safu ya pili msikitini huioni tofauti. Vijana wanaivaa hiyo. Ya mkono imebaki ya bwana harusi na watu wazima. Kwa hiyo mkifunza kina mama hamsini kushona kofia, muulizane kwanza ni vichwa vingapi vitazivaa.

BintiMkomani
Upande wa pili ninaujua, kaka yangu. Mtu kama wewe alikuwa akija nyumbani siku tusiyokuwa na unga. Anaigeuza kofia, anaguna, anatoa kasoro, anaacha elfu mbili na mia tano. Kofia hiyohiyo nilikuja kuikuta Mombasa, naijua kwa ua lake, inauzwa elfu sita. Tatizo la mamangu halikuwa ujuzi. Ujuzi alikuwa nao kabla hao wa semina hawajazaliwa.

Mfanyabiashara_Kofia
Sasa unanihukumu mimi kwa mtu usiyemtaja. Nauli unaijua? Kofia inafuliwa, inatiwa wanga, inapigwa pasi, inakaa dukani miezi, na pesa yangu imelala ndani yake. Mwenye kushona analipwa siku ileile, hata isiponunuliwa. Nani kabeba hasara?

BintiMkomani
Alilipwa siku ileile kwa sababu watoto walikuwa na njaa siku ileile. Hilo ndilo ulilokuwa ukinunua.

Abu_Zuhra
Subhanallah. Punguzeni moto, nyote mnasema kweli. Ila Nahodha umenikumbusha jambo la pweza. Mahakama ya Malindi iliposema wavuvi walipwe fidia, zile bilioni mbili za bandari ya Lamu, mwanamke wa mwambani alihesabiwa mvuvi? Maana ukisema mvuvi, watu wanaona mwanamume na mashua.

Msomi_wa_Shela
Ilikuwa bilioni 1.76, hukumu ya 2018, wavuvi kama 4,600. Gati ya kwanza ilifunguliwa 2021. Suala la Abu_Zuhra ni zito. Anayevua kwa miguu hana leseni ya chombo, hana risiti ya injini. Ataonyesha nini kuthibitisha kwamba bahari ilikuwa ikimlisha?

Nahodha_Faza
Na hao wa mwambani wamefanya ambalo wanaume tulishindwa. Kisiwani Pate kina mama walikubali kufunga kipande cha mwamba miezi kadhaa, asikanyage mtu. Pweza hukua haraka, ukimwachia muda mfupi tu anaongeza uzito maradufu. Siku ya kufungua wanavua wakubwa, na anayenunua kwa kilo hana ujanja mbele ya mizani. Wao wameshinda kwa mizani hiyo. Cheti hakimo.

MwanaLangoni
Alhamdulillah, angalau pweza wametuleta karibu na nilichouliza. Cherehani au mtaji, jamaa?

MamaSwaleh
Na mimi nimeuliza tangu jana, hamkunijibu. Zawadi au mkopo? Hazina ya Wanawake ya serikali iko tangu 2007, inatoa kwa vikundi, wanasema haina riba ila kuna ada inayokatwa kwa asilimia. Mkopo wa Hustler, nao wa serikali, ni asilimia 8 kwa mwaka, hiyo ni riba mchana kweupe. Chama chetu tuko kina mama wengi wa rika langu, na ilipokuja habari ya mkopo nusu waliondoka mkutanoni. Hawakuondoka kwa uvivu. Wanaogopa kulisha watoto haramu. Mkipanga mitaji bila kukaa na watu hawa mtaishia kuwakopesha wasiohitaji, kisha mtaandika kwamba wanawake wa Lamu hawataki maendeleo.

Abu_Zuhra
Ada ya kuendesha kazi si riba, mama. Ulizeni maulamaa. Karani analipwa, karatasi inanunuliwa.

MamaSwaleh
Karani halipwi kwa asilimia, mwanangu. Nikikopa elfu kumi karatasi ni ileile, nikikopa laki moja karatasi ni ileile. Mbona ada inakua? Nijibu hilo kabla hujanipeleka kwa maulamaa.

Abu_Zuhra
Sina ugomvi na wewe, nimesema kilichosemwa na wenye elimu.

MamaSwaleh
Nimeuliza hesabu, umenijibu wenye elimu. Haya. Sisi tunachanga kila Jumamosi, anapewa mmoja, hana anachoongeza juu. Kama mradi una pesa, iwekwe humo. Ichukuliwe irudi bila nyongeza, na anayechelewa tunamjua nyumbani kwake.

Msomi_wa_Shela
Turudi kwenye cherehani kidogo, kwa sababu naona zinaonewa. Kosa la cherehani ni kwamba hazikuletewa kazi. Sheria ya ununuzi inataka asilimia 30 ya zabuni za serikali ziende kwa vijana, wanawake na wenye ulemavu. Shule za chekechea ziko chini ya kaunti. Zahanati ziko chini ya kaunti. Shuka za wodi, mapazia, aproni za wapishi, hivyo vyote si kitambaa na uzi? Mama aliyefunikia cherehani shuka angeifunua kesho, kama angejua kuna shuka mia mbili za kushona na mlipaji ni mmoja.

Mkulima_Hindi
Dada yangu, hiyo asilimia 30 tunaijua. Kampuni ina jina la mke, muhuri uko mfukoni kwa mume, na mke anaitwa siku ya kutia saini. Na hata akishinda kweli, analipwa lini? Serikali ikikaa na pesa zako mwaka mzima, na uzi ulikopa dukani, umekwisha.

Msomi_wa_Shela
Sikupingi hata neno moja. Basi mafunzo yawe hayo: kujaza fomu ya zabuni, kudai malipo kwa barua, kufungua akaunti ambayo mume hana saini yake. Kushona wanajua.

Mfanyabiashara_Kofia
Na bei. Wafunzwe kuweka bei. Nalisema mimi ninayenunua. Kikundi kikikataa kuuza chini ya kiwango, sisi wanunuzi tutanuna wiki mbili kisha tutalipa, kwa sababu kofia ya mkono ya Amu huipati kwingine.

BintiMkomani
Hapo nimekuelewa. Ungelisema mapema tusingegombana.

Nahodha_Faza
Mimi nina swali ambalo hakuna aliyelitaja. Mafunzo yatafanyiwa wapi? Kama ni Amu, mwanamke wa Faza atakuja vipi kila siku? Boti zinafuata maji, ukiikosa ya alfajiri hakuna darasa, na kurudi jioni si hakika. Atalala kwa nani miezi mitatu? Watoto atawaachia nani? Kila mradi unaandikwa "Kaunti ya Lamu", kisha unaishia Mkunguni, hapahapa Amu mjini.

BintiMkomani
Kumbe mwanamke ana watoto, ana nauli, ana maji ya kungoja. Juzi ulisema amekaa.

Nahodha_Faza
Nilisema wa mji. Na sijalifuta. Nijibuni kuhusu boti.

MwanaLangoni
Suala la boti ni haki. Kikao cha kutoa maoni ya bajeti ya kaunti kikitangazwa nitakwenda na mambo matatu: kazi za kushona za kaunti zipewe vikundi na zilipwe kwa wakati, mtaji upitie vyama bila nyongeza, na mwalimu apande boti aende Faza, si wanafunzi waje kwake. Nani anakuja?

MamaSwaleh
Niko, na chama kizima.

Mkulima_Hindi
Mmesema Faza, mmesema mji. Hindi mwalimu atakuja kwa chombo gani, na siku gani? Msiponiandika humo siji kuwapigia makofi.