Binti yangu (miaka 10) kaandika anataka kuwa fundi bomba, mwalimu kamwambia arudie insha. Nifanyeje?

BabaWawili

Habari zenu wakuu. Jambo lenyewe dogo ila limeninyima usingizi siku mbili. Naomba ushauri, matusi wekeni akiba.

Binti yangu yuko darasa la nne. Tangu ulimi wake ukae sawa, mgeni akimuuliza atakuwa nani akikua, jibu ni moja: daktari. Mgeni anafurahi, mama yake anatabasamu, mimi najiweka vizuri kwenye kiti.

Juzi napekua daftari lake nakuta insha, "Nitakapokuwa Mkubwa". Nikajiandaa kusoma habari za koti jeupe. Wapi! Fundi bomba. Ukurasa mzima na nusu. Kaeleza kwa nini unafunga valvu kuu kabla hujagusa kitu, utepe mweupe unazungushwa upande gani ili usijifungue wakati wa kukaza, na kwa nini tangi likiwa juu zaidi maji yanatoka kwa nguvu zaidi. Kumbe yule fundi aliyetutengenezea bomba la jikoni mwezi uliopita, huyu mtoto alishinda naye mchana kutwa akimpa spana.

Chini kuna wino mwekundu: "Andika kazi ya maana. Rudia." Naye karudia. Ya pili ni daktari, mistari tisa, atatibu wagonjwa na kuwasaidia wazazi wake. Kapewa 17 kwa 20.

Nakiri kwamba niliposoma ya kwanza moyo wangu ulikuwa upande wa mwalimu. Niliposoma ya pili ndipo aibu ikanishika. Sasa niende shule? Nikae na mtoto? Au ninyamaze, ni utoto utapita? Na tusidanganyane, huyu daktari wetu akiona damu anageuza uso.

Kisiki

Nyamaza mkuu. Mimi darasa la pili nilitaka kuwa simba. Si mfuga simba, simba mwenyewe. Ilipita.

ChakiMkononi

Mimi ni mwalimu, na hiyo "rudia" nimeshawahi kuiandika, kwa hiyo nisijifanye mtakatifu. Ukisahihisha insha hii kwa darasa zima unakutana na daktari, rubani, mwanasheria, daktari, mwanajeshi, daktari. Wengi hawajaota chochote, wamenusa jibu linalotakiwa. Hata wakikua hawatoki hapo. OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi nyingi zilizoendelea, iliwauliza vijana wa miaka 15 mwaka 2018, na katika nchi 41 asilimia 47 ya wavulana na 53 ya wasichana walitarajia kufanya moja ya kazi kumi tu zilezile. Kazi za dunia hii ni maelfu, wao wanaziona kumi.

Mwanasaikolojia Linda Gottfredson alieleza mwaka 1981 jinsi mlango unavyofungwa. Kwa maelezo yake mtoto hachagui kazi, anazitupa. Kwenye miaka sita hadi minane anatupa zile anazoona si za jinsia yake. Kuanzia miaka tisa hivi anatupa zile ambazo wakubwa wanazidharau. Anafanya kimya kimya, na alichotupa ni nadra kukirudia mwenyewe.

Angalia sasa binti yako. Ya jinsia aliivuka salama, bomba hakuliona ni la wanaume. Amefika kwenye ya hadhi, akakutana na kalamu nyekundu ya mtu kama mimi.

Shule nenda, lakini usiende na hasira wala usiende na mtoto. Mwombe mwalimu asome tena ile ya kwanza kama insha tu, kwa mpangilio na lugha, kisha aseme yeye mwenyewe ipi ilistahili 17.

MzaziMkali

Mnampotosha huyu baba. Mtoto wa miaka kumi anajua nini kuhusu maisha? Kazi yetu ni kumwonyesha juu. Mimi nilisukumwa na marehemu baba kwa fimbo na leo nashukuru.

MamaPacha

@MzaziMkali unashukuru, lakini juzi kwenye uzi wa kustaafu mapema ulisema unahesabu siku utoke hapo ofisini. Tunasoma kila kitu humu 😂

Kaka BabaWawili, kinachonisumbua mimi si fundi bomba. Ni kwamba mtoto ana majibu mawili, moja la wageni na moja la daftari. La daftari hakukuambia. Anza hapo.

KotiJeupe

Kuhusu damu, isiwe kigezo. Mimi ni daktari na mara ya kwanza kuingia chumba cha upasuaji nilidondoka chini kama gunia. Inazoeleka kwa wengi.

Ila ningependa baba amsimulie binti kisa kimoja. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua mamia ya watu eneo la Soho, London. Wakubwa wa tiba wengi waliamini ugonjwa unaletwa na hewa chafu. Daktari mmoja, John Snow, akazunguka nyumba kwa nyumba akiuliza wafiwa wanachota maji wapi, na kwenye ramani yake alama za vifo zikajaa kulizunguka bomba moja la kupampu kwa mkono, la mtaa wa Broad. Akawashawishi viongozi wa mtaa waondoe mpini wa lile bomba. Dawa yake ilikuwa hiyo. Daktari na bomba ni ndugu tangu zamani, sisi ndio tumewagombanisha.

Bundi

Kisa kizuri, ila kwa haki ya historia: mpini unang'olewa, ugonjwa ulikuwa umeshaanza kupungua, watu wengi walikuwa wamekimbia mtaa. Thamani ya Snow iko kwenye ule ushahidi wa maji, zaidi ya mpini wenyewe.

KotiJeupe

@Bundi sahihi kabisa. Nilijua utakuja.

SpanaMkononi

Fundi bomba hapa, mwaka wa kumi na tisa. Huyo mtoto kaelewa mambo ambayo vibarua wangu wanachukua miezi. Mpe na hili: bomba la maji machafu halilazwi tambarare, linashuka sentimita moja hadi mbili kila mita. Likilala, linaziba. Likishuka kwa kasi mno, maji yanakimbia yanaacha uchafu nyuma. Hapo kuna hesabu, na akizipenda mlango wa uhandisi uko palepale.

Nisiwapake mafuta lakini. Magoti yanaisha, simu zinaingia usiku wa manane, na mteja akishaona maji yanatoka anasahau kulipa. Yeye kwa kuwa ni msichana, ataingia nyumba za watu na sanduku la vifaa mkononi aulizwe "fundi yuko wapi?" Ajue mapema.

Kisiki

Mwalimu @ChakiMkononi, simba alitupwa kwa jinsia au kwa hadhi?

ChakiMkononi

Kwa hadhi. Yako.

BabaWawili

Mrejesho wakuu. Jana usiku nilikaa naye. Sikumuuliza anataka kuwa nani, nilimuuliza siku ile na fundi ilikuwaje. Aliongea mpaka mama yake akaja kuzima taa. Nikamuuliza kilichompendeza zaidi. Akasema: "Fundi aliniuliza mimi maji yanavujia wapi. Wewe ulikuwepo, lakini aliniuliza mimi."

Nilikosa la kusema. Udaktari je? Akasema huo ni wa wageni. Kisa cha Snow nilimsimulia, akataka kujua mpini uliwekwa wapi baadaye.

Mwalimu nilimwona leo asubuhi. Alinipokea vizuri, akasoma tena, akacheka kidogo. Kumbe kilichomkera hasa ni neno moja kwenye aya ya pili. Mtoto kaandika jina la ile spana inayofunguka na kujibana, lile jina mnalolitumia nyinyi mafundi, na mwalimu kalizungushia duara mara mbili. Ameahidi kuisahihisha upya neno hilo likibadilishwa.

@SpanaMkononi, insha inatakiwa kesho. Hiyo spana ina jina la heshima?

SpanaMkononi

Andika "spana ya kurekebisha". Na mwambie mwalimu kwamba fundi wenu anaomba radhi kwa niaba yetu sote.