Hizi programu za afya za kwenye simu, nani kazikagua?

Wakuu, habari za jioni. Leo nina hasira, atakayeona lugha kali anivumilie.

Kila mara kuna mtu anauliza programu gani nzuri ya kufuatilia mazoezi na afya, na kila mara wanatokea watu walewale na orodha zilezile: pakua hii mkuu, ina nyota nne na nusu, mimi mwenyewe naitumia. Hakuna anayehoji ile namba inayotokea kwenye kioo imepatikanaje. Na sisi wa Nyanda za Juu Kusini ndio watu wa mwisho kulishwa kipimo bila kuuliza! Lumbesa ya viazi, lile gunia linalojazwa kupita kipimo, imepigiwa kelele miaka nenda rudi. Wakala wa Vipimo wakiingia soko la Mwanjelwa hapa Mbeya, wauza mchele na wauza nyama wanatoa mizani ikaguliwe, na aliyeichezea anakiona. Sasa niambieni, nani kakagua programu inayomwambia mama yako kwamba presha yake iko sawa?

Hapo ndipo mimi nilipowaka. Mama yangu mdogo yuko Tukuyu, ana presha na yuko kwenye dawa. Mtoto wake aliyeko chuo akamwekea programu ya kupima presha kwa kugusisha kidole kwenye kamera ya simu. Mama wa watu kila asubuhi anaweka kidole, anapata namba nzuri kama za mwanariadha, anamshukuru Mungu. Baadaye akaanza kuruka dawa, maana simu inasema amepona. Siku alipokwenda kliniki, mashine ya mkanda ikasoma juu ya 180. Muuguzi akahamia mkono wa pili akidhani mashine ina matatizo. Mkono wa pili nao ukasema vilevile.

Nikaifungua ile programu nisome maelezo yake. Chini kabisa, kwa maandishi ya kutafuta na miwani, wameandika kwamba ni kwa ajili ya burudani tu. Burudani! Presha ya mtu mzima!

Wanaojitetea kwamba teknolojia imekua naomba wanisikilize. Kamera na tochi ya simu vinaweza kuhesabu mapigo ya moyo, hilo sibishi. Damu ikipita kwenye kidole mwanga unabadilika kidogo, simu inahesabu yale mabadiliko. Ila mapigo ni kitu kimoja na presha ni kingine. Presha ni nguvu ambayo damu inasukuma nayo ukuta wa mshipa, ndiyo maana mkanda unakubana mkono kwanza halafu unalegea taratibu. Simu haina cha kukubana. Ilikuwepo programu moja ikiitwa Instant Blood Pressure, ikiuzwa kwa pesa huko Marekani mwaka 2014 na 2015. Watafiti wa Johns Hopkins wakaipima, na mwaka 2016 wakatoa majibu: kati ya watu wenye presha ya juu kweli, karibu wanne katika kila watano waliambiwa wako salama. Mwaka huohuo tume ya biashara ya Marekani ikawabana wenye programu kwa kudanganya wateja. Wenzetu angalau wana wa kuwabana.

Na saa za mkononi zinazouzwa kwa kelele kwamba zinapima sukari bila kutoboa? Februari 2024 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilionya waziwazi kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Hata moja. Wenye kisukari wanaoona sukari yao kwenye simu wanavaa kifaa chenye kisindano kinachoingia chini ya ngozi, na hicho hukipati kwa elfu thelathini kwenye meza ya pembeni mwa barabara Kabwe. Mtu anayechoma insulini kwa kufuata saa ya aina hiyo anaweza asiamke.

Tuje kwenye mazoezi, maana najua wapo wanaosema mimi sina presha, nataka kupunguza kitambi tu.

Hatua elfu kumi. Mnajua zilikotoka? Japani, mwaka 1965, baada ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni moja ilitoa kifaa cha kuhesabu hatua na kukiuza kwa jina lenye namba hiyo. Ilikuwa biashara, hakukuwa na daktari aliyekaa akapiga hesabu. Utafiti wa mwaka 2019 kwa akina mama wazee wa Marekani ulionyesha kwamba waliofika hatua kama 4,400 kwa siku tayari walikuwa na nafuu kubwa ya kuishi kuliko wa 2,700, na faida ikaacha kuongezeka kwenye 7,500 hivi. Lakini programu inakununia ukifika 9,000 kana kwamba umekula ada ya mtoto.

Halafu hatua zenyewe ni za tambarare. Njooni Mbeya mnionyeshe tambarare iko wapi. Ukipanda Loleza, kilele kiko zaidi ya mita 2,600, unakwenda taratibu, jasho linatiririka, moyo unataka kutoka. Programu nyingi zinakadiria ukali wa zoezi kwa wingi wa hatua kwa dakika, na kwa simu isiyo na kipimo cha mwinuko zinaona tu mtu anayejikokota. Mtu wa kilo 80 akipanda mita 500 kwenda juu anachoma zaidi ya kalori 300 kwa ule mlima peke yake, mbali na umbali. Simu yangu ikaniandikia "matembezi mepesi". Siku hiyohiyo nikashuka na boda kutoka Isyesye kwenye njia ya makorongo, ikanipa hatua za bure kwa kila shimo!

Chakula sasa. Hapa ndipo dharau ilipo. Andika makande, hamna kitu. Andika ndizi, unaletewa ndizi mbivu, wakati wewe umekula sahani ya ndizi za kupika na nyama. Andika ugali, yanakuja majibu lukuki yanayopishana kama mbingu na ardhi, kwa sababu kwenye programu nyingi vyakula vinajazwa na watumiaji wenyewe na hakuna anayehakiki. Kipimo ni "kikombe". Nani Uyole anapima ugali kwa kikombe?

Na msiseme taarifa hazipo. Zipo tangu mwaka 2008! Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na chuo cha Harvard walitoa majedwali ya virutubisho vya vyakula vya Tanzania, na yanapatikana bure mtandaoni. Kazi ilishafanyika. Wenye programu hawakuona faida ya kutufikia, ila dola zetu wanaziona vizuri. Na ujue kufuta programu kwenye simu hakusitishi malipo, mpaka uingie kwenye duka la programu humohumo kwenye simu, kwenye orodha ya usajili, ukayakatishe huko. Shemeji yangu alikatwa ya mwaka mzima kwa programu ambayo hata kwenye simu haipo.

Siri zako nazo ni hivyohivyo. MyFitnessPal, ya kuhesabu kalori za chakula, iliibiwa taarifa za akaunti milioni 150 mwaka 2018. Flo, ya kufuatilia hedhi, ilibanwa Marekani mwaka 2021 kwa kupeleka taarifa za wanawake kwa kampuni kama Facebook. Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini tunabonyeza "nakubali" kabla hata ukurasa haujafunguka.

Mimi kwa sasa nimebaki na programu moja ya bure inayofanya kazi bila bando, najaza kwa mkono namba nilizopima kwa mashine ya mkanda na mizani ya kweli. Haikadirii chochote, inaandika tu. Mama mdogo tumemnunulia mashine yake ya mkanda, na dawa amerudi nazo.

Kwa hiyo mkiniletea jina la programu, niambieni na haya: nani kaipima, inajua makande, na inadai shilingi ngapi baada ya zile siku za bure. Na wale wa kudondosha linki za kamisheni, huu uzi si wenu.