Santiago, Diego au Jaime: lipi ndilo Yakobo?

Binti_Masasi
Habari za leo wakuu. Dada yangu ameolewa Castellón, Hispania, na mwezi ujao anatarajia mtoto wa kiume. Kwetu mjukuu wa kwanza anabeba jina la babu, na baba yetu alikuwa Yakobo. Shemeji ameleta majina matatu, anasema yote ni Yakobo: Santiago, Diego, Jaime. Ni kweli? Nisaidieni, mama anasubiri jibu.

Mwalimu_K
Mzizi ni Kiebrania, Yaakov, kutoka neno la kisigino. Ni ile habari ya Mwanzo 25, pacha aliyezaliwa kashika kisigino cha Esau. Kwa Kilatini likawa Iacobus, na baadaye wengine wakatamka Iacomus. Iacobus likazaa Yago. Tanguliza "Sant", yaani mtakatifu, upate Santiago. Iacomus ndilo lililozaa Jaime.

Diego lina utata. Wengi husimulia kwamba watu walilikata Santiago vibaya, San Tiago, kisha Tiago likageuka Diego. Lakini hati za kale zinamwandika Diego kwa Kilatini kuwa Didacus, si Iacobus. Ni jina la zamani: Rodrigo Díaz, yule shujaa wa vita wa Hispania aitwaye El Cid, aliyefariki 1099, ukoo wake ni "mwana wa Diego" (na hilo "Cid" ni seyyid ya Kiarabu). Kama unamtafuta babu, liweke kando.

MpiraTu
Diego liacheni jamani! Jina la Maradona, na linasomeka kama lilivyoandikwa. Likishindikana, Santiago, kama Bernabéu wa Real Madrid. Nyumbani mtamwita Santi, kama Cazorla.

Sharifa_Lindi
Dada, una wajomba Waislamu? Huyo Mtakatifu Yakobo, Santiago, aliitwa pia Matamoros, muuaji wa Wamoro, na Wamoro ni Waislamu wa Andalusia. Makanisani huko wamemchonga juu ya farasi, upanga mkononi, watu wamelala chini ya kwato. Mimi nisingeweza kumwita mwanangu hivyo. Yaakub ni nabii wetu sote, tafuteni njia nyingine ya kumfikia.

Mwalimu_K
Nakuelewa Sharifa, ila Jaime nalo lina vita vyake. Mfalme Jaime I wa Aragon ndiye aliyewanyang'anya Waislamu Mallorca 1229 na Valencia 1238. Tofauti ninayoiona ni kwamba Santiago lilipigiwa kelele vitani kama wito. Jaime lilikuwa jina la mtu tu.

Binti_Masasi
Wajomba ninao, ahsante Sharifa. Basi Jaime. Shida ni mama: analisoma kwa J ya jambo, shemeji anamsahihisha kwenye simu, kwamba ni KH ya kheri, "Khaime". Mama anaona aibu, ananyamaza.

Mbeba_Machungwa
Nimefanya kazi mashambani huko Castellón miaka minne. Wenyeji wana lugha yao, Kivalensia, na Jaime kwao ni Jaume. J yake ni hiyo hiyo ya jambo! Mwambie shemeji aandikishe Jaume. Ni jina la kwao kabisa.

Binti_Masasi
Nimemtumia mama jina kwa maandishi bila kumwambia linavyotamkwa. Amenirudishia sauti sasa hivi: "Jaume. Jaume wangu." Nyuma yake namsikia shangazi akiuliza, "Ndiye Yakobo?"