"Hatubebi Buxton!" Sisi wa Tudor tutafika vipi nyumbani?

Nilijiambia nilale kwanza nisije nikaandika na hasira. Nimelala siku mbili, hasira iko pale pale. Basi naandika nayo.

Alhamisi jioni nilikuwa Posta, hapa mjini Mombasa, na mamangu, nimemtoa kliniki. Goti limemvimba, mkono mmoja fimbo, mkono mwingine mfuko wa dawa, na mvua inanyunya. Matatu ya Mtwapa, ya kuvuka daraja kwenda ng'ambo ya kisiwa, ikaja, nikampandisha, akaketi nyuma ya dereva. Makanga akauliza, "Mama, waenda wapi?" Mama akajibu, "Buxton, mwanangu." Yule kijana hata usoni hakumtazama. "Shuka mama, hatubebi Buxton."

Nikamwambia nitalipa nauli ya Bamburi, huko ng'ambo, yangu na ya mama, japo twashukia Buxton, kabla ya daraja, karibu na kwetu Tudor. Akasema, "Shukeni kwanza tupakie wa mbali, kiti kikibaki mtapanda." Gari nzima kimya. Mamangu ana miaka 71. Alishuka akishika bega langu, mguu mbovu ukaingia kwenye dimbwi, na fimbo ikabaki ndani. Abiria mmoja akatupitishia dirishani gari ikiwa tayari yaondoka.

Nyumbani tulifika saa mbili kasoro robo. Kutoka Posta hadi Tudor, mwendo usiofika kilomita nne! Aliyepanda ile gari huenda alikuwa Mtwapa keshakula na kuosha vyombo.

Wasiokaa huku watauliza mbona tusipande gari za Tudor. Asubuhi zipo, sikatai. Lakini ikishafika saa kumi na moja jioni, ile ile gari iliyokubeba alfajiri utaiona imegeuza kibao kwenda ng'ambo, makanga yuaita "Kisauni, Kisauni, Bakarani!" Zinazobaki ni chache, na watu steji wamejaa mpaka barabarani, wanafunzi, kina mama na vikapu vya Marikiti, wafanyakazi wa madukani kama mimi ninayeuza leso Biashara Street. Gari ikitokea ni mbio na viwiko. Mwenye nguvu hupanda. Mwenye mtoto mgongoni husubiri inayofuata, na inayofuata nayo yaenda Kisauni.

Asubuhi nayo ina balaa lake kwa wanaosubiri pale Buxton. Gari zatoka Bamburi na Mtopanga zikiwa zimejaa tangu ng'ambo, zinashuka Daraja la Nyali bila hata kupunguza mwendo. Unapunga mkono mpaka unachoka. Ikisimama moja, ni kwa sababu ina nafasi ya kusimama umepinda shingo, na nauli unaitishwa sawa na aliyetoka Bamburi amekaa.

Jirani yangu ni dereva na amenieleza hesabu yao vizuri. Kila siku kuna pesa ya tajiri, yaani mwenye gari, haipungui hata kama gari imeshinda kwenye foleni. Kuna mafuta. Kinachobaki ndicho cha kugawana yeye na makanga. Viti ni 14. Mtu wa Buxton akikalia kiti kimoja kutoka Posta analipa kidogo, akishuka kile kiti huenda kikabaki kitupu mpaka gari ivuke daraja na kufika Kongowea. Kwa hivyo jioni, wakati watu ni wengi kuliko viti, anayeenda karibu ndiye hasara. Nimeielewa hesabu hiyo na simchukii kijana wa watu anayetafuta unga. Lakini mamangu si hasara. Ni abiria mwenye nauli mkononi.

Na sheria ipo. Ule mstari wa manjano ubavuni mwa matatu umeandikwa njia tangu sheria za Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi, zilipoanza kutumika 2004, pamoja na mishipi na hiyo idadi ya watu 14. Gari iliyoandikwa njia fulani ina leseni ya njia hiyo, mvua inyeshe isinyeshe, jioni iwe asubuhi iwe. Tena tangu 2014 hakuna matatu inayopewa leseni bila kuwa chini ya sacco (chama cha ushirika) au kampuni yenye magari yasiyopungua 30. Maana yake kila gari inayotushusha ina mwenyekiti wake, na mwenyekiti ana ofisi na simu. Mimi nilipiga hiyo simu Ijumaa asubuhi. Nikaambiwa, "Dada, hayo ni mambo ya makanga." Nikauliza makanga ni wa nani. Simu ikakatwa.

Tuktuk? Siku kavu mia inanitosha. Alhamisi ile waliniitisha 300, na wa kwanza aliyekubali 250 akabadilisha nia aliposikia twaingia ndani kwenye kona yenye maji. Bodaboda sitamzungumzia, mama hawezi kupanda na goti lile.

"Si mtembee tu, ni karibu." Hili ndilo huniumiza zaidi, na husemwa na watu wenye magari. Natembea sana, na ningetembea kila siku kama kungekuwa na mahali pa kukanyaga. Fuateni barabara ya Abdel Nasser kutoka mjini hadi Buxton saa kumi na mbili jioni. Kipande hiki kina kabro nzuri, yale matofali ya kutandika chini, lakini juu ya kabro kumeegeshwa gari. Kipande kile kuna mabanda, na wenye mabanda nao wanahangaikia riziki. Mbele tuktuk imepanda juu ya njia ya miguu kukwepa foleni, inakupigia honi wewe uipishe! Unashuka barabarani, mkokoteni uko nyuma yako, hamali anapiga kelele, kando basi la safari ndefu. Likishaingia giza, kuna sehemu taa zimekufa tangu sijui lini, na wasichana wanaosoma Chuo Kikuu cha Technical pale Tom Mboya hutembea makundi makundi wameshika simu ndani ya nguo. Masika ikianza hata hilo la kutembea halipo, maji hufunika mtaro na njia, hujui unakanyaga wapi. Sasa mtu wa fimbo apite wapi? Wa kiti cha magurudumu je?

Mamangu husimulia basi za zamani za KBS, Kenya Bus Service. Zilikuwa na namba, zilikuwa na tiketi, na ukipanda ukashuka kituo cha pili hakuna aliyekuuliza kwa nini wakaa karibu.

Usafiri ukitajwa Mombasa, hutajwa watu wa ng'ambo. Nawaelewa, hasa wa Likoni, maana feri imewatesa sana na msiba wa Mtongwe wa 1994 ulichukua watu 272. Walistahili kufikiriwa. Lile daraja la kuelea la Liwatoni lilifunguliwa mwanzo wa 2021, Makupa ikapata daraja jipya 2022, barabara ya Dongo Kundu nayo ikaja. Sisi tulio ndani ya kisiwa hatukuomba daraja. Twataka gari ya Tudor ifanye njia ya Tudor mpaka saa tatu usiku, na gari ya Mtwapa isimshushe mtu kwa kukaa Buxton. Twataka njia ya miguu iwe ya miguu, na taa ziwake. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imetaja wazi usafiri wa umma, maegesho na taa za barabarani kuwa kazi ya serikali za kaunti, kwa hivyo tusiambiwe tena kwamba haya ni mambo ya makanga.

Nimenunua daftari. Kila aliyeshushwa au kukataliwa kwa sababu yuaenda Buxton, Tudor, Makupa au Majengo, aniandikie hapa chini tarehe, saa, steji, njia iliyoandikwa kwenye gari, na nauli aliyoitishwa. Namba za gari nitumieni kwa siri, sitaki ugomvi wa hapa hadharani. Malalamiko yakifika hamsini nitayachapisha nipeleke kwa mkono ofisi za sacco, halafu kwa wanaotoa leseni, nigongewe muhuri wa kupokelewa.

Naanza na langu: Alhamisi, saa kumi na mbili na robo jioni, Posta, gari ya Mtwapa, nauli ya Bamburi mara mbili, tukakataliwa.