Kobe wangu hataki kula tangu baridi ianze, Arusha

Swali:
Habari zenu wapendwa. Nafuga kobe mmoja kwa kibali, niko Sakina. Tangu Julai iingie na ukungu huu wa Meru, kagoma kula. Mchicha unanyauka mbele yake. Ananyoosha shingo, anafumba macho, anarudi ndani. Namweka dirishani apate jua la saa tano, lakini wapi. Nifanyeje?

Jibu:
Pole sana dada. Huyo amepoa. Kobe hajitengenezei joto, na mwili ukipoa chakula hakisagiki tumboni, kwa hiyo usimlazimishe. Funga taa ya joto kona moja tu, juu ya jiwe bapa, pafike nyuzi 35 hivi. Kona ya pili iwe na kivuli, achague mwenyewe. Kipimajoto kiweke pale anapolala, si ukutani!

Jibu:
Na hapo dirishani mtoe. Kioo huzuia miale ya jua iitwayo UVB, na bila hiyo hatengenezi vitamini D, gamba linalegea. Jua likichomoza mpeleke nje kabisa.

Muulizaji:
Asanteni mno. Na umeme ukikatika usiku?

Jibu:
Boksi la mbao, nyasi kavu nyingi, chupa ya maji ya moto uliyoizungushia kanga. Mimi huamka saa tisa kubadilisha maji.